Vidonge Ndani ya Kopo la Bobini

Ninaandika haya kwa mtu aliyepewa vidonge vya kumeza kila siku ya maisha yake, na ambaye kimoyomoyo ameshaanza kutafuta namna ya kutovimeza. Namjua mtu huyo. Nimekaa naye benchi moja kliniki, na mwaka mmoja, wakati wa baridi, mtu huyo nilikuwa mimi.

Mimi ni fundi cherehani. Nilizaliwa Tanga, nikasoma hadi kidato cha nne, kisha mjomba wangu akanifundisha kushona. Nilifika Johannesburg nikiwa mtu mzima, nikimwacha mke wangu nyumbani na mimba ya miezi saba. Wakati ule nilisema nafuata riziki. Nilivuka mipaka bila karatasi kamili, na nakumbuka kwamba katika kila mpaka moyo ulinidunda, nami nikaupenda ule mdundo. Hilo sikumwambia mtu. Mke wangu, Mama Zuhura, alinifuata baada ya miaka mitatu, amemshika binti yetu mkono. Tukapanga vyumba viwili mtaa wa Bertrams, na huko ndiko tulikozeekea.

Kwa miaka mingi nilishonea duka moja la mtaa jirani wa Kensington linalokodisha nguo za baridi kali kwa watu wanaokwenda kuteleza kwenye theluji, juu ya milima ya Maluti, Lesotho. Watu wa kwetu nikiwasimulia hucheka. Theluji gani Afrika? Ipo. Inaanguka kuanzia Juni hadi Agosti, na mbingu zikifanya uchoyo kuna mashine za kuipuliza. Watu wanajifunga mbao mbili ndefu miguuni, wanazoziita skii, wanavutwa na kamba hadi juu, kisha wanajiachia. Kila mwaka mwenye duka alinipeleka mlimani na cherehani yangu kwa wiki kadhaa, kwa sababu nguo zilizochanika mchana zilitakiwa zikodishwe tena asubuhi.

Fundi huwajua watu kwa michaniko yao. Suruali iliyochanika makalioni ni ya mtu mwoga: akiona kasi imezidi, anakaa chini. Iliyochanika magotini ni ya mgeni ambaye bado hajajua kuanguka. Lakini jaketi lililochanika begani, au suruali iliyosagika upande mzima wa nyonga, ni ya mtu aliyekuwa akienda mbio na hakutaka kupunguza. Hawa wa bega na nyonga ndio waliorudi kila mwaka.

Nilitegemea wawe watu wa kelele. Wengi wao walikuwa wapole. Alikuwepo daktari mmoja wa meno, mwanamke asiyepandisha sauti, ambaye siku moja aliniletea jaketi lake huku mkono wake umening'inizwa shingoni kwa kitambaa. Aliniomba niliwahishe, maana alitaka kupanda tena mchana uleule. Nilimuuliza anatafuta nini huko juu. Akasema hapo ndipo mahali pekee ambapo kichwa chake hunyamaza.

Nilimwelewa kuliko alivyodhani. Nilikuwa nimeanza kuteleza mwenyewe nikikaribia miaka sitini, jioni baada ya kazi, kwa skii za kuazima. Mimi niliyekaa juu ya stuli miaka arobaini nikiinamia sindano, nilishuka mlima ule upepo ukinikata masikio, na sikuwaza kitu. Sikuwaza kodi wala mke wala kaburi la mama niliyeshindwa kwenda kumzika. Suruali yangu ilichanika nyongani. Nikaishona mwenyewe, kwa uzi wa rangi ileile, mshono usioonekana.

Mwaka 2015, majani yalipoanza kupukutika, moyo wangu ulianza kupiga ovyo, kama cherehani ambayo mkanda wake umelegea. Nilikuwa nikipanda ngazi za nyumbani nikasimama katikati, nikashika ukuta. Wiki ile nikaingizwa kliniki ya damu.

Benchi za kliniki ile ni ndefu, na hapo hakuna anayekaa mahali pamoja. Anayeitwa mbele akiondoka, wote mnanyanyua makalio na kusogea nafasi moja. Kwa asubuhi moja unaweza kukaa sehemu thelathini. Hapo ndipo nilipomjua Papa Kasongo, Mkongomani wa Lubumbashi, mlinzi wa usiku, ambaye alikuja kliniki na sare yake ya kazi akasinzia huku akisogea pamoja nasi bila kufungua macho. Siku yangu ya kwanza aliniangalia nikisoma karatasi ya dawa, akaniambia, "Vieux, hii dawa iko kama bibi wa pili. Ukimusahau siku moja, nyumba yote itajua." Kwao vieux ni mzee, na bibi ni mke. Nilicheka, na sista akatutazama.

Sista alinieleza kwa utaratibu. Vidonge vinaifanya damu iwe nyepesi isigande moyoni. Nisikose hata siku moja. Nije kupimwa kila mwezi. Mboga za majani nile kwa kiasi kilekile kila mara. Na nisianguke, maana nikianguka damu itamwagika ndani ya ngozi. Aliuliza kama kazi yangu ina hatari. Nikajibu kwamba mimi ni fundi cherehani, jambo ambalo lilikuwa kweli.

Mama Zuhura aliupokea ugonjwa kama mgeni atakayekaa. Alitenga bakuli moja dogo la bluu la kupimia mchicha wangu. Kila jioni aliniwekea kidonge kando ya chai, akasubiri nikimeze, akaendelea na kazi zake.

Nilipanda mlimani mwaka 2016 nikiwa na vidonge vyangu, na nilivimeza. Lakini pia niliteleza. Nilianguka mara moja tu, anguko la kawaida ambalo zamani lingenifanya nijipanguse na kucheka. Usiku nyonga ikavimba. Niliporudi Bertrams ilikuwa imevilia damu hadi gotini, nyeusi kama bilinganya. Mama Zuhura aliiona nikivua nguo kwenda kuoga. Nikasema niliteleza bafuni.

Hakubishana. Alikwenda kwenye begi langu, akatoa suruali, akaigeuza ndani nje. Mshono ambao mtu mwingine asingeuona aliupata kwa kidole gumba, kwa kuwa nilimfundisha mimi kushona na anaijua mikono yangu.

"Umeshona vizuri," alisema. Akaikunja suruali, akaiweka magotini. "Baba Zuhura, nilikusubiri miaka mitatu Tanga bila kujua kama u hai. Usinirudishe kule."

Nikamwapia kwamba sitateleza tena. Niliapa kwa dhati. Nataka msomaji aelewe hivyo, maana watu hudhani mwongo anajua tangu mwanzo kwamba anadanganya.

Mwaka 2017 baridi ilipokaribia nilianza kuota mlima. Na katika mawazo yangu niliona kwamba kilichonisaliti si kuanguka. Ni damu kuvilia. Bila vidonge, nyonga isingekuwa vile. Basi fikra ikaja, tena kwa utulivu: nikiviacha wiki chache kabla ya kupanda, nitaanguka kama watu wengine na nitarudi nyumbani sina alama. Kama umesoma sentensi hiyo ukaona ina akili, tafadhali weka kitabu hiki chini, ukamwone sista wako leo.

Ilikuwa Ramadhani. Mama Zuhura aliniwekea kidonge kando ya tende, nikakitia mdomoni wakati wa kufuturu, nikakisukuma shavuni, nikanywa maji. Baadaye nilikitema mkononi nikakitia ndani ya kopo la bobini, vile vigurudumu vidogo vya uzi wa cherehani, chini kabisa, kati ya nyuzi. Nilifunga kinywa kwa ajili ya Mungu mchana kutwa, na jioni nikamdanganya mke wangu kwa kinywa hichohicho. Kipimo cha mwezi ule sikwenda. Nilisema nitapimwa kwenye zahanati ya mlimani. Zahanati hiyo haipo.

Baada ya Idi nilipanda. Niliteleza siku tisa, na sitasema kwamba hazikuwa tamu. Zilikuwa siku tamu sana. Nilianguka mara mbili, na ngozi yangu ikabaki safi kama ya mtoto. Nilijiona mjanja.

Siku ya kumi, asubuhi, nilikuwa nimekaa kwenye cherehani. Sikuwa nimesimama hata kwenye theluji. Kastabini, ile kofia ya chuma ya kidole, ilidondoka ikabingirika sakafuni. Niliinama kuiokota, mkono wa kulia haukuja nami. Nikadhani umekufa ganzi. Nikajaribu kutunga uzi kwa mkono wa kushoto, na tundu la sindano likawa mawili. Yule daktari wa meno aliingia na jaketi lake begani. Aliniangalia usoni, akaniambia nitabasamu. Nilidhani nimetabasamu. Akaliacha jaketi lianguke chini.

Alinishusha mlimani kwa gari lake mwenyewe hadi hospitali ya kwanza upande wa Afrika Kusini. Njiani aliniuliza natumia dawa gani. Hapo nilidanganya kwa mara ya mwisho katika jambo hili. Kwa ulimi uliokuwa tayari mzito, nilimwambia navimeza vidonge vya damu kila siku. Alilifikisha jibu langu kwa madaktari kwa nia njema, nao wakalazimika kusubiri kipimo kabla ya kuthubutu kunitibu, maana dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda inaweza kumuua anayemeza vidonge vile. Muda ule haukurudi. Hawakukosea wao.

Kiharusi kilichukua mkono wa kulia, nusu ya mdomo, na kwa wiki kadhaa karibu maneno yote. Nilihamishiwa hospitali ya Johannesburg. Wodi yetu ilikuwa na dirisha refu, na kitanda changu kilipata jua kuanzia saa nne hadi saa sita. Hiyo ilikuwa rehema yangu ya kwanza, nami niliingoja kila siku. Mtu wa usafi, mama mmoja Mzulu, aliligundua hilo. Akawa anasukuma kitanda changu kidogo kidogo kulifuata jua, kisha anakirudisha kabla ya matroni kupita.

Mwili uliniaibisha. Mate yalitoka upande mmoja bila ruhusa. Mkono ulilala juu ya shuka kama wa mtu mwingine aliyeusahau pale. Mke wangu alinilisha uji, akanifuta, akanikata kucha, na aliniongelesha kwa upole kuhusu majirani. Alidhani ni kudra. Nilimwacha adhani.

Mzigo wangu ulirudishwa kutoka mlimani pamoja na cherehani. Kulikuwa na nguo za wateja ambazo hazijakwisha, na Mama Zuhura akaamua kuzimaliza yeye. Siku moja alihitaji bobini ya uzi mweusi. Akafungua kopo.

Alikuja nalo wodini kwenye kikapu, kati ya chupa ya uji na kanga safi. Alivuta pazia. Akalimimina juu ya kitanda, juu ya mkono wangu usiohisi kitu. Vilikuwa vidonge vingi vidogo, vingine vimevunjika, na unga wake umeshika nyuzi.

"Nilikuwa nakuwekea mimi," alisema. "Kwa mkono wangu. Kando ya tende."

Nilitaka kusema. Sauti iliyotoka haikuwa neno. Aliviokota vidonge kimoja kimoja, akavirudisha ndani ya kopo, akalifunga, akanilisha uji hadi ukaisha. Kisha akaondoka bila kuaga.

Aliendelea kuja kila siku, na hilo ndilo lilikuwa zito. Angeacha kuja ningejua pa kujiweka. Alikuja, akanihudumia, na hakusema lolote zaidi ya lililohitajika. Mijakaranda ilichanua nje ya dirisha, ikapukutisha maua, na hatukuwa tumezungumza.

Zuhura, binti yetu, alikuja mwisho wa wiki. Anaelewa Kiswahili chote, ila hujibu kwa Kiingereza, au kwa Kizulu akiwa na hasira. Siku aliyoambiwa habari ya kopo alikaa pembeni ya kitanda. Aliposema alitumia Kiswahili, kwa kutafuta maneno, kama mtu anayekanyaga mawe kuvuka mto.

"Baba, wewe huogopi kufa. Sawa. Lakini sisi tunaogopa."

Nililia upande mmoja wa uso. Upande wa pili ulikuwa bado haujui.

Nilirudi kliniki ya damu mwezi wa Novemba, siku ya mvua ya mawe, nikisukumwa kwenye kiti cha magurudumu. Sista alifungua faili langu, akaona vipimo vilivyokosekana, akauliza kama kuna vidonge nilivyoruka. Mama Zuhura alikuwa amesimama nyuma yangu. Kopo lilikuwa kwenye kikapu chake, nilikuwa nimeliona. Angeweza kulitoa. Hakulitoa. Alisubiri.

Maneno yangu wakati ule yalitoka moja moja, yamepinda. "Niliacha mwenyewe," nikasema. "Nilitema. Nilimdanganya mke wangu, nipate kuteleza kwenye theluji."

Ilinibidi nirudie mara mbili ili sista anielewe, kwa hiyo benchi zima lilisikia. Kisha Papa Kasongo akafungua macho, akasema kwa sauti ya mtu aliyekamatwa, "Sista, na miye pia. Siku ya mumosi sikunywaka. Kwa sababu ya pombe." Mumosi kwao ni Jumamosi. Mwanamke aliyekaa pembeni yake akamsukuma kiwiko, akamwambia afadhali yeye, huyu mzee amekwenda kutafuta barafu. Watu wakacheka. Nami nikacheka, mate yakatoka, na mkono wa Mama Zuhura ukaja kutoka nyuma na leso ukayafuta. Ulikaa pale shavuni kidogo zaidi ya ilivyohitajika.

Mwaka 2018 ulikuwa mwaka wa mkono. Mara mbili kwa wiki nilikwenda mazoezi ya viungo, nikaminya donge laini, nikaokota maharage kutoka bakuli moja hadi jingine. Niliyachukia maharage yale. Hakuna kitu kisicho na kasi kama kiharusi, na kwa mtu wa aina yangu hiyo ndiyo ilikuwa adhabu halisi, na labda shule. Sikuwa na mahali pa kukimbilia kichwa kikipiga kelele. Nilikaa nacho. Nikawaza kaburi la mama, na ile miaka mitatu ya Tanga. Nilimwomba mke wangu anisimulie miaka ile, maana sikuwahi kumuuliza. Akanisimulia kwa vipande, jioni kwa jioni, huku akishona kazi zangu.

Katika sala, tunapokaa kutoa shahada, kidole cha shahada cha mkono wa kulia huinuliwa. Changu kilikuwa kimelala tangu mlimani. Alfajiri moja ya Julai, baridi imefunga madirisha, kiliinuka. Kiliinuka kiasi cha unene wa kitufe tu. Nilibaki nimekaa, sikutoa salamu, hadi Mama Zuhura akageuka kuona kama nimezidiwa. Nikamwonyesha kwa macho. Akakitazama kidole, akanitazama mimi, akaenda kuchemsha maji. Nilimsikia jikoni akilia kwa sauti ndogo.

Mwaka huu, 2019, baridi ilipoingia, mwenye duka alinitumia salamu: kuna nafasi kwenye gari la kupandisha nguo mlimani, kama napenda kwenda kuona tu. Nikasema hapana. Nilidhani hilo ndilo jibu la mtu aliyejifunza.

"Twende," Mama Zuhura akasema. "Nataka kukiona hicho."

Tulipanda naye. Alivaa suruali nyeusi ya duka na jaketi lililompita mikono. Nilikaa kwenye benchi, fimbo yangu kati ya magoti, nikawatazama watu wa bega na nyonga wakishuka. Sitaficha kwamba tamaa iliamka. Tamaa ile haijafa, nami sitegemei ife. Kinachowezekana ni kuisema. Nikamwambia: "Natamani." Akaitikia kwa kichwa.

Kisha akaenda kwenye mteremko mdogo wa watoto, akakodi sahani kubwa ya plastiki ya kutelezea, akakaa juu yake na kushikilia kingo. Mwanamke wa miaka sitini na moja. Alishuka bila kupiga kelele. Katikati aliogopa kasi, akakaza makalio na visigino, akageuka nyuma mbele, akaishia kwenye nyavu. Nilisimama bila fimbo pasipo kujua. Alikaa pale kidogo akitazama mbingu. Alipopanda kuja kwangu, uso wake ulikuwa wa msichana niliyemwacha Tanga.

"Ni tamu," akasema, akihema. Akakaa. Akapangusa theluji magotini, akaongeza, "Nilitaka isiwe tamu."

Suruali ilikuwa imechanika makalioni, mahali palepale nilipotegemea. Nyumbani Bertrams aliileta na kopo la bobini, akaviweka mbele yangu. Sikuwa nimeshona tangu mlimani. Nilitafuta uzi mweusi wa kufanana na kitambaa.

"Tumia mwekundu," akasema.

Nilitumia mwekundu. Ilinichukua jioni mbili. Mshono una urefu wa kiganja na umepinda mahali pawili, ambapo mkono ulichoka. Mwenye duka hakuitaka tena suruali hiyo, na Mama Zuhura anaivaa asubuhi za baridi tukienda kununua mkate. Watu wakimuuliza ni fundi gani aliyeharibu suruali nzuri namna ile, hanitaji kwa jina. Huninyooshea mdomo tu.